Wasomaji Wanauliza: Kinu cha Mtoni na Mji Wake

Barua za toleo hili zimetoka Makete, Mafinga, Ubaruku, Ludewa na Njombe. Wengi wameuliza juu ya mashine, lakini majibu mengi yameishia kwenye maji. Barua ya Makete imekula nafasi kubwa kuliko nyingine, na imestahili.

Kamati yetu ya kijiji inataka kufufua kinu cha maji cha zamani, cha enzi za misheni. Gurudumu la chuma lenye kipenyo cha mita 4 bado limesimama, mawe mawili ya kusagia yapo, ila mfereji umefukiwa na banio la kuelekezea maji mferejini limevunjika. Fundi mmoja ametushauri tununue mashine mpya kabisa. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Makete*

Msinunue kitu kwanza. Vinu vingi vya maji huku nyanda za juu vilikufa mferejini kabla havijafa mashineni: banio linang'oka Machi, kijiji kinangoja kiangazi kulijenga, kiangazi watu wako mashambani na kwenye mbao, kifuku kinarudi. Miaka miwili ikipita hivyo, wateja wamezoea mashine ya dizeli ya kijiji cha jirani. Gurudumu lenu linaweza kuwa zima kabisa.

Pimeni maji mwezi wa Oktoba au Novemba mwanzoni, kabla mvua haijaanza. Maji ya Aprili yatawadanganya. Chagueni sehemu ya mto iliyonyooka kwa mita 10 hivi, pimeni upana na kina mahali kadhaa mpate wastani, kisha tupeni kizibo au kipande cha mti mkavu na mhesabu sekunde. Rudieni mara tano. Tuseme upana ni mita 1.5, kina cha wastani mita 0.3, na kizibo kimekwenda mita 10 kwa sekunde 20. Mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde, lakini maji ya chini yanakwama kwenye mawe, kwa hiyo zidisheni kwa 0.7 mpate 0.35. Eneo la maji ni 0.45, jibu ni karibu lita 157 kwa sekunde. Msiyahesabu yote kuwa yenu. Chukueni 100, mengine yaendelee na mto wake, kwa sababu chini kuna watu, mifugo na bustani za bondeni (vinyungu).

Sasa nguvu. Zidisheni maji (mita za ujazo kwa sekunde) kwa anguko (mita) kwa 9.81: 0.1 × 4 × 9.81 ni kilowati 3.9. Gurudumu, meno na beringi hula sehemu yake, hivyo hesabuni asilimia 60, yaani kilowati 2.4 hivi kwenye jiwe. Nguvu hiyo inasaga dona kilo 40 hadi 60 kwa saa, sawa na madebe mawili au matatu. Mashine ya nyundo ya umeme yenye mota ya kilowati 10 inasaga kilo 200 kwa saa hiyohiyo. Waambieni wanakijiji ukweli huu mapema. Kinu chenu kitatosha kaya za jirani kikisaga kutwa, lakini hakitamaliza foleni ya siku ya gulio.

Mfereji wa udongo uchimbwe kwa mteremko mdogo, sentimita 20 kwa kila mita 100. Ukizidisha mteremko maji yanakula kingo, ukipunguza mchanga unatua na nyasi zinaota. Kuchukua levo hakuhitaji mpimaji wa mjini: mpira mwangavu wa fundi uashi, uliojaa maji bila povu la hewa ndani, unatosha. Mfereji unapopita ubavuni mwa mlima, wekeni njia ya kumwagia maji ya ziada kila baada ya mita 100 au 150, na mdomo wake upigwe mawe. Bila njia hizo mvua moja kubwa inajaza mfereji, maji yanaruka ukingo sehemu iliyo dhaifu, na asubuhi mnakuta mita 20 za mfereji ziko bondeni.

Kwenye banio msijenge ukuta mrefu wa saruji kushindana na mto. Banio fupi la mawe, lililolala kwa mshazari, linaloruhusu mafuriko kupita juu yake, hudumu zaidi. Mdomo wa mfereji uwe na lango la mbao la kufunga siku za mafuriko, na hatua chache mbele uwe na shimo la kutuliza mchanga lenye tundu la kusafishia chini. Chujio la nondo, zenye nafasi ya sentimita 3 kati yake, lilazwe mshazari ili mtu aweze kulikwangua kwa reki akiwa amesimama. Chujio la wima huziba, na mkwanguaji huchoka akaling'oa. Baada ya hapo matawi yanaingia kwenye gurudumu.

Gurudumu likaguliwe likiwa tupu. Shikeni chaki karibu na ukingo wake na mlizungushe kwa mkono: likiyumba zaidi ya sentimita 1, shafti imekaa vibaya au beringi imelika upande. Vikombe vilivyotoboka vibadilishwe kwa bati la milimita 3. Gurudumu la mita 4 hufanya kazi vizuri likizunguka mara 9 au 10 kwa dakika. Likienda kasi zaidi maji yanarushwa nje ya vikombe kabla hayajafika chini. Kisha tazameni nyuma yake, mahali maji yanapotokea. Chini ya gurudumu pawe na nafasi ya sentimita 20 hadi 30 juu ya maji yanayoondoka. Kifuku mto ukijaa, maji hurudi nyuma, gurudumu linaogelea, na msagaji analalamika kwamba "mashine imekuwa nzito". Dawa ni kuzibua na kuteremsha mfereji wa kutolea maji, si kuongeza maji juu.

Jiwe la kipenyo cha mita 1 linataka mizunguko kama 100 hadi 120 kwa dakika, yaani meno au puli za kuzidisha mara 11 au 12. Hesabuni meno ya gia za zamani kabla ya kubadilisha chochote, kwa maana aliyezifunga alikuwa amepiga hesabu hiyo tayari. Kwa sababu hiyohiyo tunawaonya msifunge mashine ya nyundo kwenye gurudumu hilo. Nyundo zinataka mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Kutoka 10 kufika 3,000 mtatumia mikanda na shafti nyingi hadi nguvu yote iishie kwenye msuguano. Mashine ya nyundo iende na tabo (turbini) ya maji, ambayo penye anguko la mita 8 na tabo ya kipenyo cha sentimita 30 huzunguka karibu mara 380 kwa dakika, na hatua mbili za mkanda zinatosha.

Mawe ndiyo kazi ya subira. Inueni jiwe la juu kwa winchi au kwa magogo, kamwe si kwa mikono ya vijana sita. Chukueni ubao ulionyooka barabara, mpakeni udongo mwekundu uliolowa, mburuze juu ya jiwe: panapobaki wekundu ni mlima, ndipo pa kugonga kwa tindo. Mkishalisawazisha, fufueni mifereji yake, kina cha milimita 5 au 6 karibu na tundu la kati, kikipungua hadi 2 ukingoni. Mawe yakiwekwa pamoja, katikati pabaki nafasi ya punje moja ya mahindi, na ukingoni unene wa karatasi. Mchongaji afunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri na alowanishe jiwe, maana vumbi lake huua mapafu polepole. Kilo 10 za kwanza za unga baada ya kuchonga zimwagwe. Zina changarawe, msimpe hata kuku.

Tangu hapo sheria ni moja: mawe yasizunguke matupu. Mahindi yakiisha kwenye hopa (sanduku la kumiminia mahindi), funga maji au inua jiwe. Jiwe likikutana na jiwe linajila lenyewe, na mnaokula mchanga ni ninyi. Fungeni kengele ndogo yenye kamba inayolala juu ya mahindi ndani ya hopa. Yakipungua, kamba inalegea na kengele inagusa jiwe na kulia. Ni kitu cha kale na hakiharibiki.

Kamwene. Nafundisha historia hapa Mafinga. Wanafunzi huniuliza kwa nini kiwanda kikubwa cha karatasi kilijengwa Mgololo, mbali na barabara kuu, badala ya hapa mjini. Je, miji yetu mingi ilizaliwa kwa sababu ya mito?
*Mwalimu, Mafinga*

Kamwene, mwalimu. Si mingi. Mbeya ilikua kwa dhahabu ya Lupa na barabara. Makambako ni njia panda ya barabara na reli. Mafinga yenyewe iko barabarani. Miji iliyozaliwa na maji yanayoanguka ni midogo, na mingine hata haiitwi miji.

Kabla ya mashine, unga wa nyanda hizi ulitoka kwenye jiwe la kusagia na kinu na mchi, kazi ya wanawake ya kila siku. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakafungua Peramiho mwaka 1898, na misheni za namna hiyo zilitafuta mahali penye mto wa kudumu na mteremko kwa ajili ya kusaga nafaka na kupasua mbao. Palipokuwa na kinu pakaja shule, zahanati na karakana, na mtoto aliyetumwa kusagisha debe la mahindi alikutana na vyote kwa safari moja. Baadaye maporomoko yakageuzwa umeme: kituo cha Tosamaganga kwenye Ruaha Mdogo kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mbalizi karibu na Mbeya kikafuata mwishoni mwa muongo huo. Tangu hapo kinu hakikulazimika tena kukaa mtoni. Waya ulifika sokoni na mashine ikaufuata.

Viwanda vya miti vilikuwa na hesabu yao. Njombe, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 iliweka kiwanda Kibena, katikati ya mashamba yake, kwa kuwa magome ya miwati ni mzigo mkubwa wenye thamani ndogo hadi yatolewe dawa ya kulainishia ngozi. Mgololo ni hesabu hiyohiyo, pamoja na maji. Kiwanda cha Southern Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikitegemea misindano ya shamba la Sao Hill. Ili kupata tani moja ya massa ya krafti, yaani nyuzi za mti zilizopikwa za kutengenezea karatasi, unahitaji karibu mita za ujazo 5 za magogo, kwa kuwa nusu ya uzito wa mti huyeyuka kwenye dawa. Vipande vya mti hupikwa kwa magadi makali na salfidi ya sodiamu kwenye joto la nyuzi 170 hivi, kisha massa husuuzwa kwa maji tena na tena. Kiwanda cha aina hii kinataka mto kando, msitu karibu na reli isiwe mbali. Reli ya TAZARA inapita Mgololo. Mafinga ina barabara nzuri, lakini barabara haisuuzi massa.

Waambie pia wanafunzi kwamba harufu ya kabichi iliyooza kwenye viwanda vya krafti, popote duniani, inatokana na salfa ya kupikia. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno, kwa hiyo kunuka pekee si kipimo cha sumu. Kipimo cha kweli ni kama ule mchuzi mweusi unaobaki baada ya kupika unachomwa kwenye tanuri na dawa zake kurudishwa kazini, au unatoroka kuelekea mtoni.

Mji wa kiwanda kimoja una udhaifu wake, na Mgololo iliuonja: uzalishaji ulisimama katika miaka ya 1990 na kurejea miaka ya 2000 baada ya ubinafsishaji. Nyumba, maji, taa na zahanati vikiwa chini ya mwajiri mmoja, siku mashine inaposimama havisimami vyote mara moja, lakini hakuna anayejua nani atalipia bomba likipasuka. Huo ni mjadala mzuri kwa darasa lako kuliko kukariri miaka.

Nina mashine ya kukoboa mpunga. Wateja wanalalamika chenga ni nyingi, wananiambia nibadilishe mashine. Je, ni mashine au ni mpunga wao?
*Msomaji, Ubaruku, Mbarali*

Mara nyingi ni mpunga, ila mashine nayo ichunguzwe. Kama yako ni ya chuma ya zamani, ile inayosugua mpunga na kutoa pumba na maganda pamoja, usitarajie zaidi ya kilo 55 hadi 60 za mchele kwa kilo 100 za mpunga, na chenga zitakuwepo. Mashine ya rola za mpira hufika kilo 65 au zaidi, rola zikiwa hazijalika na nafasi kati yake imewekwa sawa.

Lakini punje nyingi hufika kwako zikiwa zimepasuka tayari, ufa mwembamba usioonekana ndani ya ganda. Mpunga uliochelewa kuvunwa, ukakaushwa juani mchana na kunyeshewa umande usiku, hupasuka hivyo. Wape wateja maelekezo haya: turubai, tabaka la sentimita 3 hadi 5, kugeuza kila nusu saa, kufunika jioni, na baada ya kukauka mpunga ulale gunia siku moja au mbili kabla ya kukobolewa. Unyevu uwe asilimia 13 hadi 14. Chukua punje kumi, zimenye kwa mkono, uzitazame mbele ya taa: ukiona mistari ya ufa kwenye nne au tano, mwonyeshe mteja palepale kabla hujawasha mashine. Utaepuka ugomvi.

Kuhusu maji, kwa kuwa uko Mbarali: Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993, na mifereji ya Usangu ni sehemu ya sababu. Anayepanga kukuza biashara ya kukoboa apange kwa msimu mmoja wa mpunga kwa mwaka.

Nina eneo kando ya mto lenye anguko la mita 12. Nataka kuweka mashine ya kusaga ya maji pamoja na jenereta ndogo ya taa. Ni vibali gani, na je, inalipa wakati nguzo za umeme zimeshafika kijijini?
*Kijana, Ludewa*

Kibali cha kwanza ni cha kutumia maji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kinatoka bodi ya maji ya bonde lako. Hapa wengi hukosea mlango. Ludewa kwa sehemu kubwa humwaga maji Ziwa Nyasa, kwa hiyo bonde lako ni la Ziwa Nyasa, si la Rufiji lenye ofisi Iringa ambalo jirani zako wa Njombe hulitumia. Fuata mto wako mpaka unakoishia ndipo uandike barua. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba ya kinu kwa asili yake hupenda kukaa humo. Ongea na ofisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Jumuiya ya watumia maji, kama ipo, itaarifiwe mapema. Mfereji uliochimbwa kimya hubomolewa usiku. Leseni ya kuzalisha umeme haihitajiki chini ya megawati 1, na wewe hutaikaribia.

Kulipa kunategemea waya uliofika kwako. Kama ni wa njia tatu, mashine ya umeme itakushinda kwa kasi: debe la dona hula karibu uniti moja ya LUKU, na mteja hasubiri. Kama ni njia moja tu, mota kubwa haiendeshwi vizuri, na hapo maji yako yana nafasi. Lita 60 kwa sekunde kwenye mita 12, kwa tabo nzuri, ni kilowati 4 hivi kwenye shafti. Inatosha mashine ndogo ya nyundo mchana na taa usiku, si vyote kwa pamoja. Na usikoboe kwa bei ya kusaga. Kilo 100 za mahindi yakikobolewa hutoa sembe kilo 70 hadi 75, na pumba inayobaki ina wanunuzi wafuga ng'ombe na nguruwe. Kubaliana na mteja mlangoni pumba ni ya nani.

Mkanda na puli zifungiwe ndani ya wavu. Khanga, kitenge au koti lililolegea likinaswa, tabo ya maji haizimiki kwa swichi, kwa hiyo lango la kufungia maji liwe na mpini ndani ya chumba cha mashine, karibu na anayesaga. Koroboi isiingie humo kabisa, unga uliotanda hewani unashika moto.

Dona yangu inachachuka na kuwa chungu baada ya mwezi, lakini sembe ya dukani haiharibiki. Nasagisha mashine ya mawe. Kosa ni la mashine?
*Mama, Njombe*

Hapana mama, ni kiini. Dona hubaki na kiini cha mahindi chenye mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa hukutana na hewa na kuchachuka. Sembe imetolewa kiini pamoja na pumba. Mashine huchangia ikiwa tu mawe yamebanwa mno: tia mkono kwenye unga unaotoka, ukiwa wa vuguvugu ni sawa, ukikuchoma au kunuka kama umekaangwa mwambie msagaji alegeze jiwe. Peleka mahindi makavu, yale ambayo ukiyauma yanapasuka kwa mlio. Mabichi hunata kwenye mawe na unga huota ukungu. Uanike unga upoe kabisa kabla ya kuufunga, na usagishe wa wiki mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mahindi mazima yabaki ghalani.